Maswali yenu: Mafuta ya nguruwe mwenye mimba yanaenda wapi?

Wiki hizi maswali ya nguruwe wenye mimba yamejaa, na karibu yote ukiyachambua yanazunguka kitu kimoja tu, mafuta ya mwilini. Kuna anayelalamika jike wake amenona, kuna anayelalamika amekonda, na kuna mmoja analalamikia vyote viwili kwa jike yuleyule, huyo ndo naanza naye maana swali lake limebeba mengine yote mgongoni.

Swali: *Dokta habari. Nina majike wawili ndugu wa tumbo moja. Mmoja leo ana mimba ya siku 104, mwenzake alipandishwa mara mbili hakushika. Wote nawapa kilo mbili na nusu kwa siku, chakula kilekile, napima mwenyewe. Cha ajabu yule wa mimba miezi miwili ya kwanza alinenepa kumzidi mwenzake mpaka mke wangu akasema nampunja huyu mwingine. Sasa wiki mbili hizi naona anapungua, uti wa mgongo unaanza kujichora na sijapunguza chakula hata konzi moja. Nimempa dawa ya minyoo, hakuna mabadiliko. Ni ugonjwa au?*

Jibu: Salama kabisa ndugu yangu. Kwanza tulia, kwa maelezo yako sioni ugonjwa hapo, naona jike anafanya kazi yake. Na mke wako aliona vizuri tu ila hukuwa unampunja mtu. Nguruwe mwenye mimba akilishwa sawasawa na asiye na mimba anaongeza uzito zaidi, hilo limepimwa tangu miaka ya 1960 huko, na siyo uzito wa watoto peke yao, mwili wa mama wenyewe unaweka (siyo mafuta matupu, kuna nyama na maji humo pia). Halafu mimba ikikaribia kuisha mambo yanageuka, anaanza kutoa alichoweka. Wewe umeyaona yote mawili kwa macho kwa sababu ulikuwa na ndugu yake wa kumlinganisha naye, wengi hawana hiyo bahati, wanaona jike kakonda wanakimbilia dawa.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo, hapa naomba uvumilivu kidogo.

Wengi wetu tunayachukulia mafuta ya nguruwe kama blanketi, kitu kimekaa tu chini ya ngozi kinasubiri kisu. Hata wanasayansi zamani waliyaona hivyo hivyo, kama ghala la dharura linalofunguliwa njaa ikipiga. Mwaka 1935 Rudolf Schoenheimer na David Rittenberg pale New York wakawalisha panya mafuta yenye alama, yaani yamewekewa hidrojeni nzito ili waweze kuyafuatilia yanapoenda, wakitegemea yatachomwa moja kwa moja maana panya wenyewe walikuwa wanapewa chakula kidogo. Kumbe sehemu kubwa wakaikuta imeshaingia kwenye mafuta ya akiba. Yaani ya zamani yanatoka huku mapya yanaingia, usiku na mchana, hata kama mnyama kwa nje humwoni akibadilika. Kwa hiyo ukiniuliza jike ananenepa au anakonda, kiukweli unaniuliza kuweka na kutoa kipi kimemzidi mwenzake wiki hiyo.

Nguruwe ana tabia yake hapo. Kwa binadamu na kuku kazi ya kugeuza wanga kuwa mafuta inafanyika zaidi kwenye ini. Kwa nguruwe ini halijishughulishi sana na hilo, kazi inafanyika ndani ya seli ya mafuta yenyewe, palepale mgongoni na palepale kuzunguka figo. Jike akishakula, wanga unavunjwa kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, insulini inagonga mlango wa seli ya mafuta na kuiambia pokea. Seli inaichukua glukosi, inaikata vipande vya kaboni mbili mbili, halafu vimeng'enya vinaviunga tena kimoja baada ya kingine mpaka inatoka asidi ya mafuta yenye kaboni 16. Asidi tatu za namna hiyo zinapachikwa kwenye gliseroli moja na hiyo ndo shahamu unayoiona. Njia ya pili ni mafuta yanayokuja tayari kwenye damu, yametoka kwenye chakula, hayo yanasafiri kwenye vifurushi na yanahitaji kimeng'enya kinachokaa kwenye ukuta wa mishipa midogo ya damu kuvifungua vifurushi ili seli ichukue kilichomo. Kikumbuke hiki kimeng'enya, tutakirudia.

Kutoa nako kuna utaratibu wake. Zile asidi tatu zinabanduliwa kutoka kwenye gliseroli, zinatoka nje ya seli, zinaenda kuchomwa kwenye misuli na kwingineko. Adrenalini na njaa vinasukuma kutoa, insulini inafunga breki. Insulini ikiwa juu na seli inaisikia vizuri, hakuna kinachotoka cha maana.

Basi mimba ikiwa changa, insulini inasikilizwa vizuri, projesteroni (homoni inayoshikilia mimba) iko juu, jike ametulia, analala sana, na watoto tumboni hawana mahitaji ya maana. Hebu angalia ukubwa wao. Siku ya 30 kijusi kina kama sentimita mbili na nusu, unakiweka kwenye ncha ya kidole. Siku ya 50 ni gramu 50 hivi. Tuseme wako 12, wote ukiwajumlisha hawafiki hata kilo moja. Sasa kilo mbili na nusu za chakula kila siku zinaenda wapi? Akishatoa za kuishi, zinazobaki zinaenda mgongoni. Ndo kule kunenepa mlikokuona.

Halafu siku ya 90 kila mtoto ana kama gramu 600, na siku ya kuzaliwa, ambayo ni ya 114 au 115, anategemewa kuwa na kilo moja na gramu 400 hivi. Piga hesabu ya watoto 12, kutoka kilo saba na kidogo mpaka karibu kilo 17, ndani ya siku 24. Hapo bado hujaweka chuchu, maana tishu ya kutengeneza maziwa nayo sehemu yake kubwa inajengwa kipindi hichohicho cha mwisho. Chakula ni kilekile. Lazima kuna mtu atalipa, na anayelipa ni mafuta ya mama.

Namna anavyolipa ndo mimi huwa inanifurahisha. Watoto tumboni wanaishi kwa glukosi zaidi, hawana matumizi makubwa ya mafuta. Kwa hiyo mwili wa mama mwishoni mwa mimba unaanza kuwa kiziwi kwa insulini. Akila, glukosi inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko ilivyokuwa mwezi wa kwanza, maana misuli yake na mafuta yake havikimbilii tena kuichota, na wakati inazunguka ndo kondo la nyuma linapata nafasi ya kuivuta kwa ajili ya watoto. Kwa binadamu ukiziwi huu ukizidi tunauita kisukari cha mimba, ila kwa kiasi chake ni jambo la kawaida kabisa la ujauzito. Sasa kwa kuwa seli za mafuta nazo zimekuwa kiziwi, ile breki niliyosema imelegea. Asidi za mafuta zinatoka, ukipima damu unazikuta zimepanda, na mama anachoma hizo mwenyewe ili glukosi abaki nayo mtoto. Yaani anakula akiba yake na kumwachia mtoto chakula cha mezani.

Siku chache kabla ya kuzaa kuna mzunguko mwingine tena. Kile kimeng'enya cha kufungua vifurushi kinashuka kwenye mafuta ya mgongo na kinapanda kwenye kiwele, wakati huo prolaktini, homoni ya maziwa, nayo inapanda. Ni sawa na gari la mizigo lililokuwa linashusha kila siku ghala la nyuma, leo dereva kakuta kufuli, anaenda kushusha kwenye duka jipya. Mzigo uleule wa mafuta kwenye damu sasa unaingia kwenye maziwa.

Kwa huyo wako wa siku 104 fanya hivi. Usimwangalie tu, mwekee kiganja mgongoni na kwenye mfupa wa nyonga. Kama inabidi ukandamize kidogo ndo uguse mfupa, mwache alivyo, yuko sawa. Kama mfupa unaugusa bila hata kukandamiza, mwongeze nusu kilo mpaka kilo moja kwa siku zilizobaki, ila usitegemee watoto watazaliwa majitu kwa sababu hiyo, kuongeza chakula wiki za mwisho kunasaidia zaidi mwili wa mama, uzito wa watoto unasogea kidogo sana. Na yule ndugu yake asiyeshika, mbili na nusu kila siku bila kazi zitamharibu, mpunguzie, umchunguze vizuri joto lake lijalo (zile siku anazotaka dume), akikosa tena na la tatu jiulize kama kweli unamfuga au unampa makazi ya bure.

Swali: *Nimesikia nikimwekea jike mafuta ya kula kwenye chakula mwezi wa mwisho, watoto watazaliwa wanene na hawatakufa na baridi. Wa kwangu mzao uliopita walikufa wanne siku ya kwanza na ya pili wakitetemeka. Ni kweli?*

Jibu: Pole sana kwa hao wanne. Nusu ni kweli nusu siyo, na ile nusu isiyo kweli ndo watu wengi wanaishikilia.

Watoto hawatazaliwa wanene. Kondo la nguruwe limetenganisha damu ya mama na ya mtoto kwa tabaka sita kamili, halijachimba ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi kama la binadamu, limegusana nao tu. Glukosi inapita, asidi amino zinapita, mafuta yanapita kwa shida. Kinga za mama hazipiti kabisa, ndo maana tunapiga kelele kila siku kuhusu dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa baada ya kuzaa. Kwa hiyo hata umnyweshe jike ndoo ya mafuta, mtoto wa nguruwe anazaliwa na mafuta ya asilimia moja au mbili tu ya mwili wake. Mtoto wa binadamu anazaliwa na kama 10 mpaka 15. Chukua mtoto wa nguruwe wa kilo moja na gramu 400, ana gramu 20 hivi za mafuta mwili mzima, na nyingi ya hizo ziko kwenye kuta za seli, hawezi kuzichoma bila kujibomoa.

Na kuna balaa la pili. Watoto wa wanyama wengi wanazaliwa na mafuta ya kahawia, haya kazi yake ni kutoa joto tu, yanachomwa bila mnyama kutetemeka. Nguruwe hana. Jini ya protini inayowasha hayo mafuta iliharibika kwa mababu zake zamani sana, mamilioni ya miaka, na haijarudi. Mwaka 2017 wanasayansi wa China walimrudishia nguruwe jini hiyo kwa kuichukua kwa panya, na wale nguruwe wakahimili baridi vizuri zaidi na wakawa na mafuta kidogo kuliko wenzao. Wa kwako na wa kwangu hawana hiyo, wanatetemeka. Wanachochoma ni glaikojeni (akiba ya wanga) kidogo iliyoko kwenye ini na misuli, na hiyo kama hajanyonya haimalizi siku.

Sasa nusu ya kweli. Mafuta unayomwekea jike wiki za mwisho yanapita kwenye chuchu, yanaongeza mafuta kwenye dang'a na kwenye maziwa ya mwanzo, na hapo ndo mtoto anayapata. Nguvu zake zinaonekana hasa kwenye mabanda ambayo vifo vya watoto viko juu, pale wanapokufa wachache huoni tofauti kubwa. Kwa hiyo kwako inaweza kusaidia, ila nikuulize kwanza, hao wanne walinyonya? Mtoto anahitaji kama gramu 200 mpaka 250 za dang'a ndani ya masaa 24 ya kwanza. Kama walizaliwa usiku, sakafu imelowa, hakuna aliyewafuta wala kuwasogeza kwenye chuchu na hakuna taa ya joto, basi mafuta kwenye chakula cha mama hayatafika kwao kwa sababu wao wenyewe hawakufika mezani. Anza na hilo, mafuta yaje baadaye.

Swali: *Dr, jike wangu wa kwanza kabisa nilimlea kama mtoto, mimba yote nilimpa chakula mpaka anaacha. Alikuwa kifaa, mgongo kama meza. Kazaa kwa shida karibu siku nzima, wawili wamekufa tumboni, na sasa ana siku ya tano hataki kula, anaonja anaondoka, anakonda namwona kabisa. Si alikuwa na akiba ya kutosha?*

Jibu: Dada yangu, swali lako la mwisho hilo la akiba ndo lilinifanya na mimi nikosee miaka ile, kwa hiyo sikucheki.

Mtamba wangu wa kwanza, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa, nilimlisha hivyohivyo. Nakumbuka siku ya tatu baada ya kuzaa nimesimama na ndoo, chakula kizuri kabisa, akaja akaingiza pua, akavuta pumzi kwa nguvu mpaka vumbi la pumba likaruka, akageuka akaenda kulala upande uleule alioamkia. Watoto kumi wakamrukia. Nikasema moyoni huyu ana mafuta mengi atajitegemea. Baada ya wiki nne nilipoachisha, unga wa kile chakula nilichokuwa namwaga kila siku ulikuwa umeganda kwenye pembe ya kihori, na mabega yake yametoka kama hanga ya nguo. Hakuja kwenye joto karibu mwezi na nusu.

Kilichotokea kwake na kwako ni hiki. Seli ya mafuta ikijaa inatoa homoni inaitwa leptini, iligunduliwa 1994, inaenda kwenye ubongo kusema tumeshiba huku. Jike aliyejaa mafuta anaingia banda la kuzalia ubongo wake unaambiwa tumeshiba. Halafu ule ukiziwi wa insulini niliomweleza ndugu wa hapo juu, kwa jike mnene unakuwa mkubwa zaidi na unaendelea hata baada ya kuzaa, na mafuta mengi zaidi yanatoka mgongoni kuja kwenye damu. Damu ikishajaa asidi za mafuta hamu ya kula inazidi kushuka. Hapohapo kiwele kinataka kutengeneza kilo nane, kumi, na zaidi ya maziwa kwa siku. Asipokula anavunja mafuta, akivunja mafuta hamu inashuka, asipokuwa na hamu hali. Mduara huo.

Na tatizo mafuta peke yake hayatengenezi maziwa. Maziwa yanahitaji protini, na yanahitaji glukosi kwa ajili ya sukari ya maziwa. Mafuta hayawezi kugeuzwa kuwa protini, na glukosi unaipata kidogo sana, kile kigliseroli tu. Kwa hiyo anavunja na misuli yake pia. Ndo maana unamwona anakonda mabega na mapaja wakati mgongo bado una mafuta. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake kabla ya kuachisha, tegemea kuchelewa joto na mzao unaofuata kuwa mdogo.

Kuzaa kwa shida nako kunaendana. Njia inabanwa na mafuta, jike anachoka, na wengi wa hivyo wanakuwa na choo kigumu ambacho kinaongeza msongamano. Kingine ambacho wengi hawakijui, kunenepa kupita kiasi kipindi kiwele kinajengwa, yaani kuanzia siku ya 75 hivi, kunapunguza tishu yenyewe ya maziwa. Kiwele kinaonekana kikubwa kwa nje, ndani kimejaa mafuta. Aliyekonda sana naye anakuwa na tishu kidogo, kwa hiyo usije ukatoka kwenye shimo hili ukaingia lile.

Kwa sasa hivi fanya yafuatayo leo. Mpime joto la mwili, kama ana homa au kiwele ni kigumu na cha moto, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo aje palepale, usisubiri leptini. Kama hana homa, mpe chakula mara tatu nne kwa siku kidogo kidogo, kiloweshe, ondoa kilichobaki kabla ya kuweka kipya maana nguruwe anajua kilicholala. Maji ndo usicheze nayo, jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20, 30 hata zaidi kwa siku, na nipo radhi kusema nusu ya majike "wasiotaka kula" ninaoitiwa niliwakuta na maji yasiyotosha. Mpoze, apate hewa. Kama una jike mwingine aliyezaa siku hizohizo mhamishie watoto wawili watatu.

Swali: *Nafuga kondoo pia. Kondoo mwenye mapacha akikosa chakula mwishoni anapata ule ugonjwa wa ketoni, anaanguka. Kwa nini nguruwe anabeba 12 na simwoni akianguka hivyo?*

Jibu: Swali zuri, jibu fupi. Ini la nguruwe halijui kutengeneza ketoni vizuri, kimeng'enya chake cha kazi hiyo ni hafifu sana. Kondoo akivunja mafuta mengi ini linayageuza ketoni, zinajaa damu zinamtia sumu. Nguruwe anavunja mafuta na bado ketoni zake zinabaki chini. Usifurahi sana lakini, maana kwa mtoto wa siku moja udhaifu huohuo ni hasara, hana ketoni za kumshikilia njaa ikimpiga.

Swali: *Huwa unasema mafuta ya mgongo yawe milimita hivi na vile, sisi tusio na mashine tunapimaje? Na nikimwangalia tu si natosha, nina miaka 9 kwenye nguruwe.*

Jibu: Hutoshi, na mimi sitoshi, samahani. Nilishabishana na mwenzangu kwa jike mmoja, mimi nikasema huyu ni wastani, yeye akasema amenona, tukaweka mashine ikasema milimita 13, wote tumekosa. Nguruwe wa siku hizi ana nyama pana, anaonekana wa duara huku mafuta ni membamba, na mwingine ana umbo la kawaida kumbe amefungasha.

Kwa wenye mashine ya ultrasaundi, mahali pa kupimia ni usawa wa ubavu wa mwisho, sentimita sita na nusu kutoka katikati ya uti wa mgongo. Unanyoa manyoya pale, unapaka mafuta au jeli, unaweka kichwa cha mashine bila kukandamiza sana maana ukikandamiza unayabana mafuta unapata namba ya uongo. Kwenye skrini utaona mistari myeupe inayong'aa imepishana na sehemu nyeusi, hayo ni matabaka ya mafuta, mara nyingi matatu, na chini yake ndo nyama. Hesabu mpaka mstari wa mwisho kabla ya nyama. Akiingia banda la kuzalia na milimita 16 mpaka 20 hivi, wengi tunaridhika.

Bila mashine tumia kiganja na alama za 1 mpaka 5. Mfupa unaoonekana kwa macho ni 1, unaoguswa bila kukandamiza ni 2, unaoguswa ukikandamiza ni 3, ukikandamiza kwa nguvu na bado unautafuta ni 4, na 5 ni yule ambaye kidole kinazama. Lenga 3, au katikati ya 3 na 4 siku ya kuzaa. Cha muhimu zaidi pima siku za kudumu, siku ya kupandishwa, siku ya 30, ya 60, ya 90, na uandike. Siku ya 30 na 60 ndo nafasi yako ya kurekebisha, maana ndo kipindi mwili unakubali kuweka. Ukishtuka siku ya 100 unabishana na mwili ambao tayari umeamua kutoa.

Swali: *Mtamba akishapandishwa nimpe chakula kingi ili mimba ishike?*

Jibu: Hapana. Akila sana siku zile za mwanzo damu nyingi inapita kwenye ini, ini linaisafisha projesteroni haraka na hiyo ndo inayoshikilia mimba. Tafiti za karibuni zimelegeza kidogo hofu hii, hasa kwa majike waliokonda kutoka kunyonyesha, hao wape tu warudi mwilini mapema. Ila mtamba aliye na mwili mzuri, kilo mbili mpaka mbili na robo kwa siku mwezi wa kwanza zinamtosha.

Swali: *Siku ya kuzaa nimfungie chakula ili tumbo liwe wazi?*

Jibu: Huo ni ushauri wa zamani na umesababisha mengi. Kuzaa ni kazi ya misuli kwa masaa, na mfuko wa uzazi unahitaji glukosi kuendelea kusukuma, mafuta ya mgongoni hayawezi kuziba pengo hilo kwa kasi inayotakiwa. Majike waliokula ndani ya masaa matatu kabla ya kuanza kuzaa wanamaliza haraka na wanapoteza watoto wachache kuliko waliokaa muda mrefu bila kula. Kwa kuwa hujui saa kamili, gawa chakula chake cha siku mara tatu au nne kuanzia siku ya 112, kidogo kidogo, chenye makapi ya kulainisha choo, na mlo wa mwisho wa usiku usiuruke, ndo huo wanaoukosa wengi kwa sababu mwenye banda ameshalala.